Kiti cha Mwombaji

Mkaa ulikuwa umepanda bei tena, kwa hiyo Falesi alipiga pasi kwa makaa yaliyobaki jikoni baada ya uji. Alipuliza majivu, akaifunga pasi, akaijaribu kwanza kwenye kipande cha kitenge kikuukuu asije akaunguza blauzi ya watu. Pasi ilikuwa ya Mai Nkhata, mke wa mwalimu. Blauzi nayo ilikuwa ya Mai Nkhata. Viatu vyeusi, vilivyowekwa juu ya gunia la viazi ili kuku wasivifikie, vilikuwa vya Mai Nkhata vilevile, na kwa kuwa vilimpwaya Falesi alikuwa amevisindilia karatasi upande wa vidole.

Nje kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita, ile inayoshuka kutoka mlima wa Dedza na kukaa uani mpaka jua likolee. Mama yake, Enelesi, alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi. Juu ya sweta alikuwa amevaa fulana ya Shirika. Maandishi ya fulana hiyo yalikwisha banduka, likabaki neno moja tu, Msichana, kifuani pa mwanamke mwenye wajukuu.

"Wakikupa kazi," alisema bila kuinua macho, "usije ukatusahau sisi tunaonuka moshi."

"Bado hawajanipa, Mama."

"Nimesema wakikupa."

Kila mtu katika vijiji vile alijua kwamba Falesi anafanya kazi ya Shirika, na wengi hawakujua kwamba halipwi. Tangu Shirika lilipofika, alikuwa akipanda na kushuka vilima kuwarudisha shuleni wasichana walioacha, mmoja kwa sababu ya mimba, mwingine kwa sababu ya posa, mwingine kwa sababu nyumbani hakukuwa na sabuni ya kufulia sare. Aliitwa mtu wa kujitolea. Mtu wa kujitolea alipewa fulana, na siku ya semina alipewa soda na wali, na siku ya wageni alipewa nafasi ya kusimama karibu na wageni. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la sita, mwaka baba yake alipougua, na hakuna aliyekuja nyumbani kwao kumrudisha. Labda ndiyo sababu miguu yake haikuchoka.

Baada ya mavuno, tangazo likabandikwa ukutani pa zahanati. Shirika lilitafuta mhamasishaji mmoja wa eneo lile, wa kuajiriwa kabisa, mwenye cheti cha kidato cha nne au uzoefu unaolingana nacho. Falesi alilisoma polepole, akashika njia aende zake. Bambo Chimphonda, mratibu wa wilaya, ndiye aliyemwita akamwambia aombe. Alisema hilo la uzoefu limewekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Hakuwaza sana mshahara, ingawa mahindi yalikuwa yameanza kupanda bei hata kabla maghala hayajajaa. Aliwaza jambo dogo ambalo hakumwambia mtu. Kule ofisini, bomani, ukutani mwa chumba cha chai, kulikuwa na safu ya misumari, na kila msumari ulining'iniza kikombe chenye jina la mfanyakazi. Watu wa kujitolea walinywea vikombe vya plastiki, vikirundikwa baadaye kwenye karai. Falesi alitaka kikombe. Alitaka siku moja aingie mle, anyooshe mkono bila kuomba ruhusa, akikute palepale alipokiacha jana.

Mai Nkhata alimfundisha. Aliweka kiti katikati ya sebule yake, akavaa miwani ya mumewe, akajifanya bosi. Alisema mabosi wa mashirika hawamtaki mwanamke wa kupiga magoti. Wanamtaka mwanamke wa kuketi, mgongo wima, anayemtazama mtu usoni. Mara ya kwanza Falesi aliingia akapiga magoti bila kujua amepiga, akarudishwa nje. Mara ya pili aliketi, lakini akafunika mdomo kwa kiganja akicheka.

"Unacheka nini? Mimi bosi wako."

"Bosi ana unga puani."

Kufikia mazoezi ya mwisho alikuwa amejua. Aliingia, akasalimia, akaketi, akatazama. Mai Nkhata alivua miwani akasema, haya, umeiva.

Asubuhi hiyo ya usaili, kwenye njia panda alimkuta Jailosi, mwenye baiskeli ya abiria, akipangusa gurudumu kwa kanga kana kwamba ni mtoto mwenye homa. Nauli nayo ilikuwa imepanda kwa sababu matairi yalikuwa yamepanda. Falesi alilalamika kidogo, kwa heshima tu, na Jailosi akamtazama blauzi, akamtazama viatu.

"Unaenda kuolewa au kuzika?"

"Kuhojiwa kazi."

"Basi lipa yote leo, dada, ukiwa bado unanijua. Kesho utapita na gari jeupe unirushie vumbi."

Falesi alipanda, akakaa upande, akashika sketi isiingie kwenye spoku. Njia nzima Jailosi alimsimulia habari za binamu yake aliyepata kazi kwenye shirika la visima huko Salima, jinsi alivyonenepa shingo. Kila walipopita nyumba, mtu alinyoosha mkono kumsalimu Falesi, na yeye alirudisha salamu kwa kiganja kimoja, kingine kikishikilia blauzi isijikunje.

Ofisi ya Shirika ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Barazani palikuwa na benchi. Kijana mmoja mwenye tai, aliyetoka Ntcheu, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akisoma karatasi kwa midomo. Katikati alikuwa msichana mwembamba mwenye jalada la plastiki mapajani. Alisogea kumpisha Falesi, akamwambia anaitwa Towera, mtu wa Mzuzu. Kichewa chake kilikuwa na mkato wa kaskazini.

Falesi alikuwa amejiandaa kumwogopa mshindani, si kumpenda. Lakini Towera alikuwa na karanga kwenye mfuko, akamgawia bila kuuliza. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii. Tangu ahitimu alikuwa akikaa kwa kaka yake Lilongwe, akilala na watoto chumba kimoja na kuuza vocha za simu getini, na wifi yake alikuwa ameanza kumhesabia vipande vya nyama. Alikuwa amehojiwa na mashirika ya maji, ya ukimwi, ya misitu, ya lishe. Maswali alikuwa ameyazoea kama nyimbo za kanisani.

"Hawa wa wasichana watakuuliza siku uliyompinga mwanaume mkubwa," alisema. "Huwa hawaachi. Kama huna, tunga."

Falesi alitafuna karanga taratibu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile moyo wake ulikaa mahali pake, kwa kuwa swali hilo hakuhitaji kulitungia. Jibu lake lilikuwa tayari, na lilikuwa la kweli, na hakuna mwombaji mwingine aliyekuwa na kama lile. Alitamani waitwe haraka.

Kijana wa Ntcheu aliingia, akatoka akijifuta uso kwa tai. Towera aliingia, akakaa sana. Alipotoka alimbana Falesi mkono akamwambia hawaumi. Kisha Bambo Chimphonda akachungulia mlangoni na kumwita.

Chumba kilikuwa na meza, na nyuma ya meza Madam Kachali, mkuu wa ajira aliyetoka Lilongwe, mwanamke wa makamo mwenye uso mpole. Mbele yake kompyuta ilikuwa wazi, na ndani yake mzungu mwanamke wa ofisi kuu ya Johannesburg alikuwa akinywa kitu. Kompyuta ilielekezwa kwenye kiti cha mwombaji, kiti cha mbao chenye miguu mirefu kilicholetwa kutoka mapokezi. Haya yote Falesi aliyaona sawasawa na Mai Nkhata alivyomwandaa. Ambalo hakuandaliwa ni sofa.

Sofa lilikuwa ubavuni mwa meza, limekufa springi siku nyingi, na ndani yake alikuwa amezama chifu Kaphala wa vijiji vyao. Shirika lilikuwa limeamua kwamba jamii ishirikishwe katika usaili, na jamii ilikuwa ni yeye. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano, kofia juu ya goti, na sofa lilikuwa limemmeza kiasi kwamba magoti yalikaribia kidevu. Kiti cha mwombaji kilikuwa hatua moja mbele yake. Mtu akikaa pale, kichwa cha chifu kingekuwa usawa wa kiuno chake.

Falesi aliona hilo, na kabla hajaamua lolote magoti yake yalikuwa sakafuni. Alikunja viganja akapiga makofi ya chini chini, akamsalimu chifu, akamsalimu Madam, akamsalimu Bambo Chimphonda. Chifu aliitikia vizuri, kama uani kwake. Ndipo sauti ikatoka kwenye kompyuta, kwa Kiingereza, na Madam Kachali akakohoa kwanza kabla ya kuitafsiri.

"Anauliza mwombaji yuko wapi. Anaona kiti tu."

Bambo Chimphonda alicheka kidogo, kisha akaacha. Madam Kachali alimwomba Falesi aketi kitini. Falesi aliinua macho kwa chifu. Chifu akasema, "Kaa, mwanangu," na alisema kwa wema, lakini ruhusa ya kumpita chifu kichwa ni kama ruhusa ya kula mbele ya mtu mwenye njaa. Inatolewa, haitumiki. Falesi aliketi kwenye ukingo, akainama, akainama tena, na huko Johannesburg labda hawakuona kitu zaidi ya kilemba.

Maswali ya kwanza aliyajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili aliombwa arudie. Aliwaambia anavyokwenda nyumbani kwa msichana wakati mama anapika, si wakati baba yupo, na kwamba hasemi habari ya shule mpaka aulizwe amekuja na nini. Madam Kachali aliandika. Mambo yalikuwa yanakwenda. Falesi alianza kuinua kidevu kidogo kidogo.

Kisha Madam Kachali aligeuza karatasi.

"Tuambie siku uliyompinga mwanaume mwenye mamlaka. Ulifanya nini, na nini kilitokea?"

Mwaka uliopita, Lameck, mpwa wa chifu Kaphala, alirudi kutoka Joni, kama wanavyoiita Johannesburg, na redio kubwa na jino la dhahabu. Alimtaka Mwandida, msichana wa darasa la saba. Chifu mwenyewe, kwa kuwa ndiye mjomba, alikwisha peleka jogoo wa posa. Falesi alikwenda uani kwa chifu asubuhi, akapiga magoti vumbini, akasema kwamba mtoto yule bado anasoma. Alifukuzwa. Kesho yake akarudi, akapiga magoti palepale, akasema maneno yaleyale. Aliitwa mwendawazimu, aliitwa tasa mwenye wivu, aliulizwa ni ng'ombe wa nani amepotea zizi. Aliendelea kurudi, mpaka wanawake wa kisimani wakaanza kupitia njia ile makusudi, na chifu akachoka kutazamwa. Akatuma mtu kumfuata jogoo wake. Sasa Mwandida alikuwa darasa la nane. Katika taarifa za Shirika iliandikwa kwamba msichana mmoja amerejea shuleni. Jinsi alivyorejea hakuna aliyeuliza.

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni mwa Falesi tangu benchini, lina chumvi ya karanga za Towera.

Alimtazama chifu. Chifu alikuwa akitazama kofia yake. Aliishika ukingo kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo, kama mtu anayekagua kama imeshonwa vizuri. Mbele yake walikuwa wageni kutoka Lilongwe, na mzungu, na kijana wa ofisi aliyekuwa akiingia na kutoka na chupa za maji. Chifu huyu ndiye aliyetoa mbao za jeneza la baba yake Falesi. Ndiye aliyesimama kaburini akasema maneno ya ukoo. Kumshinda uani kwake, akiwa ameketi juu na wewe uko vumbini, ni jambo moja. Kumvua nguo mbele ya wageni, wewe ukiwa umekaa juu ya kichwa chake, ni jambo jingine.

"Sikumbuki, Madam," alisema Falesi.

"Hata dogo, dada. Nyumbani, kanisani, popote."

"Hakuna."

Madam Kachali alimpa muda. Alikuwa mtu mwema, aliweka kalamu chini ili asionekane ana haraka. Kompyuta ilikuwa ikitoa sauti ya upepo. Falesi alingoja. Alikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba sauti nzito itatoka kwenye sofa na kusema, mwulizeni habari ya jogoo wangu. Sofa lililia springi moja. Chifu alikuwa amebadilisha mguu.

Mzungu alisema kitu. Madam Kachali alitafsiri kwamba anataka kujua kama Falesi ataweza kusimama mbele ya wanaume na kuongea. Falesi alisema atajitahidi. Kalamu ikaandika kwa ufupi sana.

Nje jua lilikuwa limekolea. Waliambiwa wangoje, majibu yangetolewa siku ileile, kwa sababu dizeli ilikuwa haipatikani njiani na Madam Kachali hakutaka kurudi tena. Towera alimuuliza ilikuwaje. Falesi akasema vizuri. Towera akasema yeye aliwatungia habari ya mwenye nyumba wake, kwamba alimkabili mbele ya wapangaji wote kwa ajili ya mjane mmoja.

"Ulimkabili kweli?"

"Nilihama alfajiri na godoro kichwani," Towera alisema. "Mjane alinishikia sufuria."

Walicheka wote wawili, Falesi akafunika mdomo. Wakati wanacheka aliona kwamba anamtakia Towera mema, na kwamba kumtakia mema kunamuuma.

Chifu alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na andazi mkononi, amelifunga kwenye karatasi laini. Falesi alimwona amesimama peke yake kando ya tangi la maji, akaenda, akapiga magoti. Chifu alitafuna, akameza, akatazama barabarani.

"Umenistiri," alisema. "Nimeona."

"Ndiyo, Amfumu."

"Mama yako alikulea."

Falesi hakuinuka. Alikuwa na jambo na lilikataa kumezwa. Alilisema akiitazama ardhi, kwa sauti ileile ndogo. Alisema alidhani Amfumu angelisema mwenyewe.

Chifu alikunja ile karatasi laini mara nyingi, ikawa ndogo, akaitia mfukoni.

"Mimi niliitwa nikae, mwanangu. Sikuitwa niseme."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mzee katika koti la mikutano, na alionekana kama mtu ambaye naye alikuwa amekalishwa mahali pasipo saizi yake. Alimwambia Falesi amsalimie Enelesi, akaenda kungoja gari la kumrudisha.

Majibu yalitolewa barazani. Madam Kachali aliwashukuru wote watatu, akasema wote walikuwa wazuri, akamtaja Towera. Towera alikaa pale benchini kama mtu aliyeitwa jina la mtu mwingine. Halafu alilia, bila sauti, akijifuta kwa jalada la plastiki ambalo halikufuta kitu. Kijana wa Ntcheu alimpa mkono akaondoka palepale kuwahi gari. Falesi alimkumbatia Towera, na Towera alirudia sikioni mwake kwamba atampigia kaka yake, atampigia kaka yake sasa hivi, hapana, kwanza wifi.

Falesi alikuwa amefika kwenye mti wa mkaratusi getini Bambo Chimphonda alipomfuata. Alikuwa na aibu, alikuwa amelegeza tai. Alimwambia asijilaumu. Falesi alisema anajilaumu, kwa sababu alipiga magoti, na kwa sababu kuna swali alilijua na hakulijibu. Kama angelijibu lile swali, labda.

Bambo Chimphonda alitazama nyuma ofisini.

"Sikiliza, Falesi. Nakwambia ili ulale vizuri. Kupiga magoti hakukukosesha kitu. Jina la yule msichana lilikwisha pita Johannesburg tangu juma lililopita. Kwenye mfumo wao, asiye na cheti hapiti hata tukimwandikia sifa mpaka kesho. Taratibu zinataka wahojiwe watatu. Na wafadhili wanapenda mmoja awe mwenyeji."

Alisema hayo kwa huruma ya kweli. Falesi alisimama akiyasikiliza yakiingia, moja baada ya jingine. Alikuwa amekwisha anza kuuzoea uchungu wa kwanza, ule wa kwamba kazi aliishika akaiachia mwenyewe kwa heshima. Ulikuwa uchungu wake. Sasa hata huo alinyang'anywa. Asubuhi nzima alikuwa amebeba kitu kizito mbele ya watu ambao walihitaji tu aonekane amekaa kwenye kiti, na hata kukaa hakukaa vizuri.

"Uliniambia hilo la uzoefu limewekwa kwa ajili yetu," alisema.

"Limewekwa, ndiyo. Limewekwa kwenye tangazo."

Kisha, kwa kuwa mtu mwenye aibu hupenda kurukia jambo jingine, Bambo Chimphonda alisema kwamba Towera haijui milima ile, wala nyumba, wala njia za mkato. Aliomba Falesi amtembeze kuanzia Jumatatu, nyumba kwa nyumba, amtambulishe kwa akina mama. Chakula cha mchana kingetolewa. Na zilikuwa zinakuja fulana mpya.

Falesi alifungua mdomo kusema sawa. Neno lilikuwa limezoea njia hiyo, lilikuwa linakuja lenyewe. Alitazama dirisha la chumba cha chai. Mtu alikuwa akisuuza vikombe, akivitungika.

"Jumatatu siji, Bambo."

"Una kazi ya viazi?"

"Hapana. Siji tu."

"Na Jumanne?"

"Jumanne pia siji."

Alimpigia magoti ya kuaga, kama mtu aliyelelewa, akatoka getini.

Nauli ya kurudia hakuwa nayo, na hakutaka maneno ya Jailosi. Alivua viatu vya Mai Nkhata akavishika mkononi, akashika njia ya kupanda. Pembeni akina mama walikuwa wakipanga viazi kwenye ndoo, mafungu juu juu, yale mazuri yakiwa mbele. Malori ya Lilongwe yalisimama, wanunuzi wakaangusha bei bila kushuka garini. Falesi alitembea. Kuna wakati alijikuta amejibu lile swali kwa sauti, peke yake, kwenye mteremko wa mto. Alilijibu vizuri, mgongo wima, na jogoo na wanawake wa kisimani na yote. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kando ya njia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Falesi aliona haya, akakaza mwendo.

Alikuwa hajafika nyumbani kwao mwanamke mmoja alipotoka mbio kwenye uzio wa mabua, mikono ina unga. Alikuwa Mai Zidana, mjane anayekaa na mama yake mzee na binti yake Lonesi. Alisema amekuwa akimngoja Falesi njiani tangu mchana. Mnunuzi mmoja wa viazi mwenye lori alikuwa amemwona Lonesi sokoni, na mashemeji walikwisha kula na kunywa naye, na leo Lonesi hakwenda shule. Madaftari yake yalikuwa yameshatumika kuwashia moto.

"Ana miaka mingapi?" Falesi aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wa mwaka ule wa mafuriko, dada. Wanakuja kumchukua Jumapili, baada ya ibada."

Falesi alimweleza. Alisema kwamba yeye si mtu wa Shirika tena. Shirika limemwajiri Madam mpya, msomi, mtu mzuri, na huyo ndiye mwenye kazi sasa. Anaanza Jumatatu. Alipolitamka hilo alilisikia mwenyewe, na Mai Zidana alilisikia.

"Jumapili si iko kabla ya Jumatatu?" Mai Zidana aliuliza, taratibu, kama mtu anayetumaini kwamba kuna kalenda nyingine bomani.

"Iko kabla."

Walisimama hapo. Upande wa juu wa njia, moshi wa nyumba ya Enelesi ulikuwa unaonekana, umenyooka, kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia. Falesi aliutazama. Alikuwa na njaa, na miguu ilikuwa imepasuka kwa baridi, na alitaka kufika, alale kifudifudi, asiulizwe. Nyuma ya uzio Lonesi alikuwa akitwanga. Mchi ulipiga, ukapiga, ukasita hewani, kama mtu anayetega sikio.

Falesi aliinama akapita chini ya ubao wa mlango wa uzio.

Kutoka gizani mwa nyumba sauti ya bibi yake Lonesi iliuliza ni nani huyo anayeingia na jua limeshakwenda. Ni mtu wa Shirika?

"Hapana, Gogo," Falesi alisema. "Ni Falesi tu."

Ndani mkeka ulivutwa.

"Basi ingia."